Kikohozi cha Dereva



Jioni moja nilitembelea darasa la kisomo katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Siku hiyo somo lilikuwa kuandika barua. Mwalimu aliwataka wanakisomo kila mmoja amwandikie mtu wake aliye mbali. Mama mmoja aliandika mistari miwili tu, kisha akaweka kalamu chini. Nilipomwendea, aliniambia hivi:

"Mwalimu, barua hii ni ya mwanangu. Yeye ni dereva wa lori. Anakohoa tangu wakati wa kupalilia, na sasa tunavuna. Kila akipita hapa namwambia aende hospitali. Ananijibu, 'Mama, wakinipima wakanikuta na ugonjwa, tajiri atanipokonya funguo. Watoto watakula nini?' Sasa nimwandikie nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima, si mganga. Nilikwenda kuuliza kwa wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa kwa sababu mama yule si peke yake. Huenda na wewe una mtoto, mume au ndugu anayeshika usukani. Na kama huna, bila shaka hupanda basi kwenda mjini au kwa wakwe. Siku hiyo maisha yako yamo mikononi mwa dereva usiyemjua.

KAZI YA MAPAFU

Mapafu yamo kifuani, moja kulia na moja kushoto. Ndani yake mna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Ukivuta pumzi, hewa safi huingia katika vifuko hivyo, kisha hupita na kuingia katika damu. Damu huipeleka mwili mzima: kwenye mguu unaokanyaga breki, kwenye mikono inayoshika usukani, kwenye macho na kwenye ubongo. Ukitoa pumzi, hewa chafu hutoka nje.

Ubongo haustahimili kukosa hewa. Mtu asiyepata hewa ya kutosha huumwa kichwa, husinzia, hukasirika upesi, na hukawia kuamua. Mkulima akipatwa na hali hiyo shambani, atakwenda kukaa chini ya mwembe apumzike. Dereva hana mwembe. Yuko barabarani, na mzigo wa tani nyingi uko nyuma yake.

Tufanye hesabu kidogo. Katika Tanzania lori kubwa na basi la abiria haviruhusiwi kuzidisha mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kilomita 80 ni mita 80,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya. Utapata mita 22 na kidogo kwa kila sekunde moja. Sasa dereva akishikwa na kikohozi kikali, akainama, macho yakajaa machozi, kwa sekunde 5 tu, lori limekwenda mita 110 bila mtu wa kuliangalia. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira. Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi wanaweza kuvuka barabara katika urefu huo wakati shule inapofungwa mchana.

Tena wako watu ambao kikohozi kikiwashika sana huzirai kabisa. Kukohoa kwa nguvu mfululizo huzuia damu isifike kichwani vizuri. Mtu hupotewa na fahamu kwa muda mfupi, kisha huzinduka. Akiwa kitandani si neno. Lakini fikiri yuko katika mlima wa Kitonga kule Iringa, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Aliyepita pale hahitaji kuelezwa zaidi.

MAMBO YANAYOHARIBU MAPAFU YA DEREVA

Kazi ya udereva ina vumbi na ina moshi. Vumbi la barabara huingia dirishani. Vumbi la saruji na la pumba humpata dereva anaposimamia kupakia na kupakua. Moshi wa dizeli humpata foleni nzima ya mizani na ya mpakani. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Kwa hiyo bomba la moshi lililotoboka si jambo la kelele tu. Moshi wake huweza kupanda hadi alipokaa dereva. Litengenezwe.

Sigara huongeza madhara hayo yote. Madereva wengi husema sigara inawafukuzia usingizi. Mimi naona wanajidanganya. Moshi wa sigara hupunguza hewa safi katika damu, na huo ubongo unaotakiwa kuwa macho ndio unaonyimwa.

Liko jambo moja ambalo huua haraka kuliko sigara. Usiku wa baridi, kama ule wa Makambako au Mbeya, dereva na utingo wake hulala ndani ya lori. Wengine huingiza jiko la mkaa ili wapate joto, kisha hufunga vioo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Asubuhi watu hugonga mlango wa lori wasijibiwe. Sumu hiyo hiyo hutoka katika bomba la moshi wa injini. Basi usilale na jiko ndani, wala usilale umefunga vioo huku injini inaunguruma. Tumia blanketi.

KIFUA KIKUU NDANI YA LORI

Sasa tuje kwenye kikohozi cha yule kijana. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi si mafua tena. Huenda ni kifua kikuu. Dalili zake nyingine ni homa za jioni, jasho jingi usiku, kukonda, kukosa hamu ya kula, na wakati mwingine makohozi yenye damu.

Kifua kikuu huletwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Daktari Robert Koch wa Ujerumani aliviona mwaka 1882. Si uchawi, wala si ugonjwa wa ukoo, ingawa mara nyingi huonekana kupita katika nyumba moja. Hupita katika nyumba moja kwa sababu watu wa nyumba moja huvuta hewa moja. Mgonjwa akikohoa, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Mwenzake huvivuta.

Fikiri juu ya lori. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Dereva na utingo hukaa pamoja mchana kutwa, na usiku hulala humo humo. Vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi au ya baridi. Hiyo ni nyumba ndogo kuliko nyumba yoyote kijijini. Dereva akiwa na kifua kikuu, wa kwanza kuwa hatarini ni utingo. Wa pili ni mke na watoto, siku anapolala nyumbani. Watoto wa chini ya miaka mitano ndio wa kuangaliwa zaidi. Chanjo ya BCG wanayopewa wanapozaliwa huwasaidia, lakini mganga akijua kwamba baba anaumwa atawapima, na huweza kuwapa dawa ya kuwakinga.

Kupima si kazi kubwa. Mganga atakuomba makohozi katika kikopo. Makohozi hayo huangaliwa kwa darubini, au huwekwa katika mashine inayoweza kutoa jibu siku hiyo hiyo. Pengine kifua hupigwa picha. Katika Tanzania matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Kwa kawaida dawa humezwa kwa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina nne, na mara nyingi zote huwa zimechanganywa katika kidonge kimoja. Miezi 4 inayofuata humeza za aina mbili. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, nguvu hurudi, na hatari ya kuambukiza wengine hushuka sana. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanajiona wazima, wanaacha dawa. Vijidudu vilivyobaki huzoea dawa, na ugonjwa unaporudi huwa sugu, tena matibabu yake ni magumu zaidi.

Nchi yetu ina sifa katika jambo hili. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alishirikiana na waganga wa hapa kuupanga. Mgonjwa hakuachwa peke yake na vidonge. Alikuwako mtu wa kumwangalia anapomeza, na hesabu za waliopona ziliandikwa katika vitabu. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza njia hiyo katika nchi nyingi. Mpaka leo mgonjwa huchagua mtu wa nyumbani awe msimamizi wake. Kwa dereva, msimamizi mzuri ni mke, na awapo safarini ni utingo.

DAWA NA USUKANI

Dereva anayetumia dawa amwambie mganga kazi anayoifanya. Asiseme tu "nafanya kazi mjini." Iko sababu.

Moja ya zile dawa nne huitwa ethambutoli. Kwa watu wachache hudhoofisha macho, na mtu huanza kushindwa kutofautisha rangi nyekundu na ya kijani. Utaona mwenyewe hatari yake kwa mtu anayetazama taa za barabarani. Dawa nyingine, isoniazidi, huweza kuleta ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo, na nyayo ndizo zinazopima breki. Yote mawili mganga akiambiwa mapema anaweza kuyashughulikia. Lakini mkojo kugeuka rangi ya machungwa si ugonjwa. Ni rangi ya dawa ya rifampisini, nayo haina madhara.

Dawa za dukani nazo zina mambo yake. Dereva mwenye mafua hununua Piriton, au dawa ya maji ya kikohozi, anakunywa, anawasha gari. Piriton huleta usingizi. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi huleta usingizi vilevile. Muuza duka aulizwe kwanza.

Mwenye pumu si lazima aache udereva. Pumu iliyotulizwa vizuri haimzuii mtu kufanya kazi. Dawa yake ya kuvuta kwa mdomo iwe karibu na mkono, si ndani ya begi lililo chini ya shehena. Kifua kikianza kubana, aweke gari pembeni kwanza, ndipo avute dawa, na asiondoke mpaka apumue sawasawa.

MKE NDIYE SHAHIDI

Liko tatizo jingine la pumzi ambalo dereva mwenyewe hawezi kulijua, kwa sababu humpata akiwa usingizini. Anakoroma kwa nguvu. Ghafla ananyamaza, hapumui. Baada ya muda anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini, kisha anaendelea kukoroma. Usiku kucha ni hivyo. Hapa mapafu hayana kosa. Njia ya hewa kooni ndiyo inayoziba. Huwapata zaidi watu wanene wenye shingo nene, na madereva wengi hunenepa kwa sababu ya kukaa mchana kutwa.

Mtu huyo huamka amechoka kana kwamba hakulala. Mchana husinzia kwenye usukani, na watu husema alikunywa pombe. Mama, kama mumeo hulala namna hiyo, usimcheke tu asubuhi. Mweleze ulivyoona, na aende akamweleze daktari. Utingo naye anaweza kuwa shahidi.

KUPIMWA KUNATAKA NINI?

Popote penye sheria za barabara, msingi wa kumpima dereva ni mmoja: je, mtu huyu anaweza kulitawala gari bila kuhatarisha wengine? Daktari huangalia macho, masikio, shinikizo la damu, sukari, moyo na mapafu. Kwa mapafu husikiliza kifua, huuliza juu ya kikohozi na kukosa pumzi, na hospitali kubwa huwa na chombo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu za mapafu.

Nitatoa mfano wa Marekani, kwa sababu kanuni yao imeandikwa wazi. Dereva wa lori kubwa anayekwenda jimbo hata jimbo lazima awe na cheti cha daktari, na cheti hicho hakizidi miezi 24. Kanuni haisemi kwamba mwenye ugonjwa wa mapafu afukuzwe. Inasema asiwe na ugonjwa wa kupumua unaoweza kumzuia kuliongoza gari kwa usalama. Mwenye ugonjwa uliotulia huweza kupewa cheti cha muda mfupi zaidi, kisha akarudi kupimwa tena.

Soma tena maneno hayo polepole. Yapo magonjwa ya mapafu yasiyopona, na mwenye nayo huenda akalazimika kutafuta kazi nyingine. Hilo ni kweli na ni chungu. Lakini pumu, kifua kikuu na kukoroma kwa kuziba pumzi vina tiba au vina njia za kutulizwa. Huyo huambiwa "ngoja upate nafuu," haambiwi "ondoka." Anayeficha ndiye anayefikia mahali ambapo mapafu yameharibika yasiweze kutengenezwa.

HABARI YA FUNGUO

Nilimwambia mama yule kwamba hofu ya mwanawe si ya kijinga. Wako matajiri wanaompa mtu mwingine lori siku ile ile dereva anapolala kitandani. Lakini iko sheria, na ni vizuri uijue kwa tarakimu zake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili. Siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Mwajiriwa hutakiwa aonyeshe cheti cha daktari. Yule ambaye hajatimiza miezi 6 kazini kwa kawaida hana likizo hiyo ya malipo. Siku 126 ni miezi minne na kidogo. Kwa mwenye kifua kikuu huo ni muda wa kumaliza zile wiki za kuambukiza, kupata nguvu, na kurudi barabarani akiendelea na vidonge.

Tatizo ni kwamba madereva wengi hawana mkataba wa maandishi. Wamepewa funguo kwa neno la mdomo. Siku ya kudai haki, wanakosa karatasi ya kuonyesha. Wengine wanao mkataba lakini hawakuusoma, au walitia dole gumba kabla hawajajua kusoma. Kama mwanao anao mkataba, mwombe akuonyeshe. Tafuta neno "likizo" na neno "ugonjwa." Uone kumeandikwa nini.

BARUA YA MAMA

Nilirudi katika kijiji kile baada ya wiki mbili nikiwa na majibu haya. Mama aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Ilimchukua jioni tatu. Barua ile hakuipeleka posta. Alingoja lori lipite, akamsomea mwanawe akiwa amesimama kando ya tairi. Kijana alicheka, maana hakuwahi kumwona mama yake akisoma. Safari ile hakwenda hospitali. Alikwenda safari iliyofuata.

Alikuwa na kifua kikuu. Utingo wake alipimwa, naye akakutwa nacho, ingawa alikuwa bado hakohoi sana. Funguo zilirudishwa kwa tajiri, lori likapewa dereva mwingine, na kijana hakulipata tena. Sitalificha hilo. Hakuwa na mkataba. Kwa miezi mitatu alikaa kijijini akimeza dawa na kumsaidia mama yake kupukuchua mahindi. Mke wake aliuza mbuzi wawili. Watoto walipimwa, wakapewa dawa ya kuwakinga.

Mwezi wa nne mganga alimpima kifua na macho, akamwandikia cheti kwamba anaweza kurudi kazini. Alipata lori kwa tajiri mwingine. Vidonge vilivyobaki alivibeba katika kopo la kahawa, na kadi yake ya matibabu aliiweka pamoja na leseni, ili zahanati yoyote njiani ijue anatumia dawa gani. Mkataba wa kazi hiyo mpya aliuleta kwanza kijijini. Ulikuwa na kurasa nne. Mama alisoma kwa sauti, kijana akafuata kwa kidole, na walipofika kwenye siku za ugonjwa walirudia mara mbili. Ndipo akaomba kalamu.